Farasi Akiumwa na Tumbo

Mhariri ameniandikia akiniomba niwaelezeni kazi niliyoishika baada ya kuondoka shuleni. Nadhani alitazamia habari za vitabu vya hesabu, maana ndiyo kazi niliyoajiriwa. Lakini hesabu za shamba moja ni kama hesabu za shamba jingine, wala simwoni mtu atakayetaka kuzisoma baada ya kula posho na maharagwe ya jioni. Afadhali niwape habari za farasi, na hasa farasi anapoumwa na tumbo.

Wengi wenu hamjapata kumwona farasi ila katika picha. Mimi nami nilikuwa hivyo hivyo. Kwetu Tororo tuna ng'ombe na mbuzi, lakini farasi hakuna, na sababu si kwamba wazee wetu hawakumpenda. Nchi za joto zina mbung'o, na mbung'o humwua farasi kwa nagana. Tena uko ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoletwa na usubi wa usiku, nao huweza kumwua farasi asiyechanjwa kwa siku chache tu. Kwa hiyo katika sehemu zetu hizi mnyama huyu alipata makao hasa penye baridi, kama nyanda za juu za Kenya, ambako walowezi wa Kizungu walimleta mwanzoni mwa karne iliyopita.

Mjomba wangu, ndugu yake mama, alifanya kazi ya usaisi huko kwa zaidi ya miaka 30. Sisi Wateso mpaka umetukata katikati, wengine tuko Uganda na wengine wako Kenya, hata kuvuka Malaba kwenda kwa mjomba si kwenda ugenini. Nilipomaliza kidato cha sita mwaka 2016, Mjomba alimwambia mwenye shamba kwamba anaye mpwa ajuaye kuhesabu. Januari 2017 nikapanda basi.

Mwenye shamba alikuwa mjane, nasi sote tulimwita Mama. Alilima ngano, na alikuwa na farasi 9 ambao wageni waliwapanda kwa malipo. Mazizini walikuwako Wakalenjin, Waturkana, Waluhya na sisi, na lugha ya kazi ilikuwa Kiswahili. Mimi nilikuwa nimepata alama nzuri za Kiswahili katika mtihani, lakini siku ya kwanza Mjomba aliponitajia hatamu, na lijamu, na saisi, nilimkazia macho tu. Maneno hayo yote yamo katika kamusi. Waliokuwa hawamo darasani ni farasi.

Katika farasi wale alikuwako jike mmoja wa miaka 17, jina lake Asali, kwa sababu ya rangi yake. Hakuwa na mbio wala hakuwa mzuri wa kupigwa picha, lakini alikuwa na subira. Watoto na watu wasiowahi kupanda farasi wote walipandishwa juu yake. Nilipoanza kupanga vitabu vya Mama nikaona kwamba katika kila shilingi 10 zilizoletwa na farasi, karibu 4 zililetwa na Asali. Masaisi walijua jambo hilo bila kitabu. Walisema Asali ndiye anayetulipa mishahara, nao hawakuwa wakitania.

Februari 2017 kiangazi kilikuwa kikali. Ndio mwezi ule serikali ya Kenya ilipotangaza kwamba ukame ni janga la taifa. Malisho yalikauka, tukanunua majani makavu, nayo yalikuwa magumu kama fagio. Usiku ulikuwa wa baridi, na farasi hawapendi kunywa maji mengi wakati wa baridi.

Desturi ya Mjomba ilikuwa kupita na ndoo za pumba saa kumi na mbili jioni, na farasi humlilia kabla hajafika. Jumamosi moja alisimama ghafula katikati ya njia, ndoo mkononi, akasema, "Mmoja hakuita." Mimi nilikuwa nimesikia makelele tu, kama yale ya bwalo letu siku ya nyama.

Tulimkuta Asali amesimama pembeni, majani yake hakuyagusa. Aligeuza shingo akautazama ubavu wake, kama mtu aliyeguswa na mwenziwe aliye nyuma. Akakwaruza sakafu kwa kwato ya mbele. Akainua mdomo wa juu akaonyesha meno, jambo ambalo siku nyingine lingetuchekesha. Kisha akakunja magoti, akalala, akajigaragaza, akainuka tena na majani yamemshika mgongoni. Mjomba hakumtazama usoni. Alitazama sakafu. Tangu adhuhuri Asali alikuwa ametoa vidonge vitatu tu vya mavi, vidogo, vikavu, vimepakwa ute.

"Msokoto wa tumbo," akasema Mjomba.

Hapa inafaa niwaeleze tumbo la farasi lilivyo, maana bila hayo hamtaona kwa nini watu wazima walikesha usiku kucha kwa ajili ya mavi. Ng'ombe hucheua, na chakula kikimtatiza anayo nafasi ya kukirudisha mdomoni akitafune tena. Farasi hacheui, na zaidi ya hayo hawezi kutapika. Mlango wa juu wa tumbo lake hujifunga kwa nguvu sana, hata kilichokwisha ingia hakina njia ya kurudi. Tumbo lenyewe ni dogo, huchukua lita 8 mpaka 15 tu, na mnyama mwenyewe ana kilo 450 au zaidi. Baada ya tumbo kuna utumbo mwembamba, urefu wake kama mita 20. Halafu kuna utumbo kipofu, mfuko mkubwa uliozibwa upande mmoja. Halafu utumbo mpana wa mita 3 au 4, ambao umekunjwa na kukunjwa tena ili uenee ndani ya mwili. Upande wa kushoto, karibu na nyonga, utumbo huu hupiga kona na papo hapo huwa mwembamba. Fikirini mtaro mpana wa maji ya mvua unaoingia katika bomba penye kona. Majani makavu yakifika hapo bila maji ya kutosha hukwama. Tena sehemu kubwa ya utumbo huo haikushikizwa imara mwilini, basi huweza hata kujipinda.

Kwa hiyo neno hili moja, msokoto wa tumbo, lina maana ya mambo mengi. Huenda ni hewa tu iliyojaa, huenda ni minyoo, huenda ni mchanga uliomezwa pamoja na nyasi, huenda ni chakula kilichokwama, huenda ni utumbo uliojipinda na kukatiwa damu. Farasi wengi hupona, baadhi yao hata bila dawa. Wengine hufa kabla jua halijapanda. Nao wote, saa ile ya kwanza, hukwaruza ardhi na kutazama ubavu vile vile.

Mjomba alikuwa na dawa yake. Ilikuwa chupa kubwa ya mafuta ya kupikia na tangawizi iliyopondwa. Desturi ya zamani ilikuwa kumfunga farasi kichwa juu kwa kamba iliyopitishwa darini, kisha kummiminia chupa ile kinywani. Alikwisha agiza kamba iletwe. Mama akasema, "Mzee, tumwulize Daktari kwanza."

Simu ilishika juu ya kilima tu, chini ya mtarakwa mmoja, mwendo wa kama mita 400 kutoka mazizini. Mimi nilikuwa mdogo kuliko wote, basi nikawa mjumbe. Daktari wa wanyama, naye alikuwa mwanamke, alikuwa mbali, safari ya saa nne, tena wakati ule alikuwa anamzalisha ng'ombe. Alisema angeondoka mara ndama akitoka. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitazamia: "Moyo wake unapiga mara ngapi kwa dakika?"

Hakuna mtu aliyejua. Akanieleza: tia vidole chini ya taya, utaona mshipa unateleza juu ya mfupa kama kamba laini, hesabu sekunde 15, zidisha mara 4. Bonyeza ufizi kwa kidole, utazame rangi inarudi baada ya muda gani. Tia sikio ubavuni, juu na chini, kushoto na kulia, usikilize. Nenda, rudi uniambie. Na kabla sijakata simu akasema kwa sauti kali, "Msimpe kitu kinywani. Hata mafuta. Mafuta ya chupa huingia mapafuni."

Nilimpelekea Mjomba maneno hayo kama yalivyo. Hakupendezwa hata kidogo. "Mimi nimekuwa na farasi kabla huyo Daktari hajazaliwa," akasema. Masaisi wengine walitazama chini. Chupa alikuwa ameishika mkononi, akaitikisa kidogo, mafuta yakapanda na kushuka. Halafu akasema, si kwa kutuambia sisi, "Alikuwako mmoja aliyekohoa siku tatu." Akaiweka chupa juu ya rafu, wala usiku ule hakuigusa tena. Tangu siku hiyo nimewaona watu wengi wakishindwa katika mabishano, lakini sijamwona aliyeshindwa kwa heshima namna ile.

Moyo wa Asali ulipiga mara 56. Rangi ya ufizi ilirudi upesi, chini ya sekunde 2. Lakini tumbo! Tumbo la farasi mzima hunguruma wakati wote, kama maji yapitayo chini ya daraja. Nilimsikiliza kwanza farasi wa chumba cha pili ili nipate kulinganisha, kisha nikamsikiliza Asali. Upande wa kulia palikuwa na sauti ndogo, ya mbali. Upande wa kushoto nilisikia pumzi zangu tu.

Nikapanda kilima. Daktari akasema kwamba farasi aliyetulia hupiga mara 28 mpaka 44 kwa dakika, hivyo 56 si njema, lakini si ya kukata tamaa. Ikipita 60 na kukataa kushuka, aambiwe papo hapo. Akaagiza majani yote yaondolewe, maji yaachwe. Alikuwa amemfundisha Mama kudunga sindano ya kutuliza maumivu, nayo dawa ilikuwako kabatini. Akaruhusu sindano moja tu, ndani ya mshipa wa damu, kamwe si nyamani. Moja, maana maumivu ndiyo lugha pekee aliyo nayo farasi. Ukiyanyamazisha mara kwa mara humsikii tena, nawe utafikiri amepona kumbe utumbo unaoza.

Hapo ilitokea kichekesho kilichokaribia kuwa msiba. Daktari alikuwa amenitajia kwamba akifika huenda atatumia parafini. Nami nikalirudia neno hilo mazizini pamoja na mengine yote. Kijana mmoja wa Kituruki—

Samahani, nimeandika Mturuki, nami nataka kusema Mturkana. Mhariri aliache hivyo, mwenyewe atacheka. Kijana huyo, mwepesi wa kusaidia, alitoweka kidogo, kisha akarudi anakimbia na debe la mafuta ya taa. Dukani kwetu parafini ni mafuta ya taa, na hakuna mtu wa kumlaumu kwa kujua lugha ya dukani. Lakini mafuta ya daktari ni mengine kabisa, ni meupe, mazito, hayana harufu, na yale ya taa yangemwua Asali. Mjomba alilichukua debe akalifungia stoo, ufunguo akautia mfukoni.

Sindano ilipigwa saa moja u nusu. Saa mbili moyo ulishuka ukawa 48, Asali akasimama ameinamisha kichwa kama anayesinzia. Tukaanza kupeana zamu. Zamani watu waliamini kwamba farasi mwenye msokoto lazima atembezwe usiku kucha, asiachwe kulala hata mara moja, na Mjomba mwenyewe alipata kutembeza farasi mpaka alfajiri, mtu na mnyama wote wawili wakiyumba. Daktari alisema dakika 10 zatosha, polepole, kisha apumzike. Akilala kwa utulivu aachwe alale. Akijigaragaza, mtu asiende karibu na miguu yake. Tulikuwa tunamtembeza uani kwa mwanga wa kurunzi, kwato zinalia juu ya mawe, na baridi ya huko, ndugu zangu wa Tororo na Soroti, si baridi ya kuisimulia. Mama alileta blanketi mbili, moja akamfunika Asali, nyingine akamfunika Mjomba.

Kila nusu saa niliandika katika daftari: saa, moyo, ufizi, tumbo, choo. Safu ya choo ilikuwa tupu ukurasa mzima. Lilikuwa daftari la hesabu, lenye mistari ya mapato na matumizi, nami sikupata kuandika tarakimu kwa hofu kama zile, hata katika mtihani.

Saa tano nguvu ya dawa ilikwisha. Moyo ukawa 64. Asali alianguka zaidi ya kulala, akajigaragaza, kwato zikapiga ukuta, jasho likamtoka shingoni na baina ya mapaja. Masaisi waliruka wakatoka nje. Mama alisimama mlangoni. Ndani ya nyumba yake ilikuwamo bunduki, nasi sote tulijua. Akauliza polepole, "Mzee, ikiwa atateseka kupita kiasi kabla Daktari hajafika, tufanyeje?"

Mjomba alikuwa amechuchumaa pembeni, kichwa cha Asali kiko karibu naye. Alikaa kimya muda mrefu hata nikafikiri hakusikia. "Bado, Mama," akasema. "Angali anatutazama."

Nilikimbia kilimani. Daktari alikuwa njiani. Aliniuliza ufizi una rangi gani. Nikasema bado ni wa waridi. Akaniuliza kama jasho ni la baridi. Nikasema la moto. Akakataa sindano ya pili. Nilishuka na jibu hilo, na Mjomba akaitikia kwa kichwa, lakini mikono yake ilikuwa ikishika na kuachia kamba, ikishika na kuachia. Naona sehemu ile ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote, kukaa na mnyama anayeumwa na dawa iko kabatini, na kazi yako ni kuhesabu. Baada ya robo saa moyo ulikuwa 60. Saa sita ulikuwa 56, ukasimama hapo.

Taa za gari tuliziona saa nane usiku. Daktari hakunywa hata chai. Alisoma daftari kwanza kwa mwanga wa gari, ukurasa wote, kisha akaingia. Alimpa Asali dawa ya kumtuliza, akapitisha mpira mrefu katika mwanzi wa pua mpaka tumboni. Kwa kuwa farasi hawezi kutapika, mpira ule ndio humtapisha. Maji mengi ya kijani yakirudi kwa nguvu ni dalili mbaya, maana utumbo mwembamba umezibwa. Yalirudi kidogo tu. Kisha akavaa glavu iliyofika begani, akatia mkono kwa njia ya nyuma, akafumba macho. Sisi tulitazama uso wake. "Hapa," akasema. "Kwenye kona. Kigumu kama unga uliokandwa, kikubwa kama papai." Utumbo ulikuwa mahali pake, haukupinda. Kilichokwama ni majani.

Mafuta hakuyatumia. Alipitisha katika mpira lita 6 za maji ya vuguvugu yenye chumvi ya kuharisha, kwa pampu ya mkono, na alfajiri akarudia tena. Wakati ule ndipo alipofungua kinywa cha Asali akatuonyesha meno ya nyuma. Farasi meno yake huota maisha yote, na yasiposagika sawasawa hufanya makali pembeni. Asali alikuwa na makali yanayochoma shavu, kwa hiyo alikuwa anameza majani bila kuyatafuna vema. Baadaye alisugua makali hayo kwa tupa ndefu, kama fundi seremala.

Jumapili ilipita polepole sana. Moyo ulikuwa 48, halafu 44. Saa tisa alasiri yule kijana wa Kiturkana alipiga kelele kutoka chumbani kwa Asali, tukaja mbio tukidhani amekufa. Kijana alikuwa anaonyesha sakafu kwa kidole. Msicheke. Lilikuwa rundo dogo, laini, linatoa mvuke, na Mjomba aliliinamia kama mtu anayesoma barua kutoka nyumbani. Mama alilia. Mimi niliandika katika safu ya choo, saa 9.10, nikapiga mstari chini yake mara mbili kama tunavyofanya jumla ya mapato.

Daktari alimpa Mjomba mkono. "Mzee, wewe ndiye uliyemponya," akasema. "Ungemgundua asubuhi, nisingeleta maji, ningeleta koleo." Mjomba alijibu kwamba chupa yake ya mafuta iko rafuni, kama Daktari anaitaka kwa kupikia.

Tangu hapo majani yote yaliloweshwa katika maji kabla ya kutolewa, maji ya hori yakatiwa moto kidogo wakati wa baridi, na meno yakakaguliwa kila mwaka. Daftari nalo halikurudi ofisini. Daktari aliagiza kila farasi ahesabiwe moyo kila Jumamosi angali mzima, ili siku akiugua tujue ametoka wapi. Mwanzoni masaisi walifanya kwa kunifurahisha. Baadaye walianza kushindana. Wakajua kwamba Asali ni 36, na kwamba yule mweusi mkali aliyeogopwa na wote ana moyo mtulivu kuliko wenziwe, 30 tu.

Nisiwaache mkidhani kwamba kuhesabu humponya farasi. Juni 2019 aliugua Kanali, dume aliyehasiwa, mwenye miaka 24, ambaye wana wa Mama walijifunzia kupanda. Kanali alikuwa 40 siku zote katika daftari. Asubuhi ile tulipomwona alikuwa 88. Ufizi ulikuwa na rangi kama ya zambarau, jasho lilikuwa la baridi, na sindano ilimtuliza kwa dakika chache tu. Safari hii Daktari alikuwa karibu akafika kwa saa moja. Alipotia mpira, maji yalirudi yakajaza ndoo, kisha ndoo ya pili ikaanza kujaa. Yako mahali duniani penye hospitali za farasi, ambako mnyama kama huyo hulazwa chali mezani na kupasuliwa, na hata huko, kwa umri ule na mapigo yale, wengi hawainuki. Sisi tulikuwa mbali na mahali pa namna hiyo.

Mama hakumwuliza Mjomba kitu, wala Mjomba hakusema bado. Kanali alikuwa amesimama ametazama ukuta. Mama aliwapigia wanawe simu kutoka kilimani, mmoja baada ya mwingine, akarudi akasema, "Basi, Daktari."

Daktari alimpasua baadaye ili tujue. Ndani palikuwa na uvimbe wa mafuta, mdogo kama chungwa, umening'inia kwa kikonyo kirefu, na kikonyo hicho kilikuwa kimeuzunguka utumbo mwembamba na kuukaza kama fundo. Uvimbe kama huo huwapata farasi wazee. Hakuna jani lililoloweshwa ambalo lingeuzuia, wala jino lililosuguliwa.

Dawa ya kumlaza farasi hubaki katika nyama yake, na mbwa au tai akiila hufa naye. Kwa hiyo hatukuweza kumwacha porini kama walivyofanya watu wa zamani. Tulichimba shimo sisi tisa, tukabadilishana koleo toka saa nne asubuhi mpaka jioni, maana shimo la farasi si shimo la mbuzi. Mjomba alikuwa na miaka 61 wakati huo, naye alikataa kupumzishwa. Saa kumi na mbili tulirudi mazizini tukiwa na udongo hadi nyweleni, na farasi waliobaki walikuwa wanalilia pumba zao. Mjomba aliziangalia ndoo, akahesabu sauti, akaanza kugawa.

Mimi niliacha kazi ya shamba mwaka 2021 nikaja mjini Mbale kushika vitabu vya duka la pembejeo. Mjomba amestaafu, yuko kwake Amukura anafuga kuku, na kuku wake pia anawasikiliza asubuhi kabla hajawafungulia. Mwezi uliopita nilipita shambani kwa Mama. Daftari ni la tano sasa, linaning'inia kwa kamba kwenye mlango ule ule, na mwandiko si wangu wala si wa mtu ninayemjua. Jumamosi ya mwisho ilikuwa imeandikwa: Asali, 36, amekula yote.